Mjomba, nipe wimbo unaouma

Jumapili iliyopita mpwa wangu alibisha hodi kabla ya saa mbili asubuhi. Kijana wa miaka 24 akitoka kitandani saa hizo siku ya Jumapili, ama amefiwa ama ameachwa. Macho mekundu, simu mkononi, chai haitaki. Akakaa barazani, akainama, akaniuliza, "Mjomba, wewe mtu wa muziki. Katika nyimbo zote za mapenzi unazozijua, upi unauma kuliko zote?"

"Unataka wa kusikiliza au wa kutuma?"

"Wa kuweka stetasi. Nataka auone, aumie."

Nilitaka kucheka, nikajizuia, maana swali lenyewe si geni kwangu. Nimeulizwa karibu kila siku kwa miaka tisa, na watu wa kila namna: wavuvi, makarani wa bandari, walimu, mabinti waliojifunika khanga za dada zao wasijulikane, na siku moja mzee wa heshima kabisa ambaye aliniomba nipunguze kwanza sauti ya spika ndipo aseme anachotaka.

Kati ya mwaka 1986 na 1995 nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Mbao, bati, deki mbili, amplifaya moja, spika zilizotazama barabarani, na ukuta mzima wa kanda nilizozipanga kwa utaratibu ninaoujua peke yangu. Mteja alikuja na kanda yake tupu, ya dakika 60 au 90, pamoja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari yenye orodha ya nyimbo. Karatasi ile ilisema mengi. Mwenye harusi alileta orodha ndefu yenye miandiko tofauti, kila ndugu kaongeza wake. Aliyeachwa alileta nyimbo tatu au nne, pengine zote za mwimbaji mmoja, halafu ukimwambia "rudi jioni" haondoki. Anasimama pale pale dirishani mpaka utepe uishe.

Nyimbo za huzuni ndizo zilizonilisha. Mwezi wa Mfungo Mosi, watu wanapooana kwa mfululizo, za kuchezeka zilipanda kidogo. Miezi mingine yote daftari langu la mahesabu lilikuwa la wanaolia. Kwa hiyo nikamwambia kijana aweke simu chini, nikamsogezea kikombe, na nikamweleza niliyoyaona. Nayaandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

La kwanza lilikuwa hili: sikiliza maneno ya wimbo mpaka mwisho kabla hujamtumia mtu. Utaona ni jambo dogo, lakini wengi tunasikiliza sauti tu. Chukua Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi ya Nairobi iliyojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, na wana wa Simba Wanyika wenyewe, akina Kinyonga, ni chimbuko la hapa hapa Tanga. Nimeshapiga wimbo huo kwenye harusi nisizoweza kuzihesabu. Bwana harusi anaucheza, bibi harusi anaucheza, mashangazi wanapiga vigelegele. Sasa kaa chini usikilize wanachosema: ni wanaume wawili wanaogombana kwa ajili ya mwanamke ambaye si wa huyu wala si wa yule, na kila mmoja anaye wake nyumbani. Gitaa lile linakudanganya, linapita kama upepo wa jioni, nawe unatikisa bega kwa kisa cha mahawara mbele ya mashahidi wa ndoa.

Malaika ndiyo zaidi. Fadhili William aliurekodi, wapo wengine waliodai ni wao walioutunga, Miriam Makeba akaupeleka dunia nzima, na leo hakuna hoteli ya pwani ambayo hawakuimbii ukiwa unakula. Watu wanauita wimbo wa harusi. Ni wimbo wa harusi iliyoshindikana! Kijana hana mali, angependa kuoa, uwezo hana, basi. Mteja wangu mmoja aliutumia kumchumbia binti, akaufungulia kanda, na babake binti akauliza kwa upole kabisa kama ile ilikuwa ni taarifa kuhusu mahari.

Na nisianze habari za Lingala. Mario wa Franco, wa mwaka 1985, nimewarekodia vijana watatu waliotaka kuwapelekea wanawake waliowazidi umri, kwa sababu eti "unasikika una mapenzi ndani". Unasema habari za kijana anayelelewa na mwanamke mwenye mali. Wawili niliwaonya. Wa tatu alikuwa ameshanilipa.

Hilo la maneno ukilipita, kuna la pili, nalo ni gumu zaidi kwa sababu haliko kwenye wimbo, liko kwenye masikio ya watu wetu. Sisi wa pwani tumelelewa na taarabu, na taarabu imetufundisha kwamba wimbo ukilia, kuna mtu anasemwa. Nitakupa mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Ilikuwa harusi ya Chumbageni, mwaka 1990, nami nimeenda na deki yangu kurekodi. Mwanamke mmoja alikaa kimya nyimbo tatu nzima, mkono shavuni. Wimbo wa nne, ulipofika ubeti unaomgusa mtu anayechukua cha mwenzake, akasimama. Hakukimbilia jukwaani kama wenzake. Alishika noti ya shilingi ishirini juu, kwa vidole viwili, akapita njia ndefu, akazunguka nyuma ya safu ya tatu alipokaa mwanamke mwingine, pale akapunguza mwendo, ndipo akaenda zake kumtunza mwimbaji. Hakutamka neno. Ukumbi mzima ukageuza shingo. Yule wa safu ya tatu akabaki anaangalia hina ya kucha zake mpaka wimbo ukaisha.

Watu walioona mambo kama yale, na watoto wao, na wajukuu wao, ndio leo wanaoangalia stetasi yako. Nilimuuliza mpwa wangu ni watu wangapi wamo kwenye simu yake. Akasema kama mia tatu. Nikamwambia, ukiweka wimbo wa mtu aliyesalitiwa, huyo binti mmoja atauona, na pamoja naye watauona watu mia mbili na tisini na tisa, na kila mwenye deni na wewe au kinyongo na wewe atajua umemsema yeye. Bosi wako yumo? Akanyamaza. Mamako yumo? Akachukua simu, sijui alifuta nini.

Nirudi kwenye waimbaji wenyewe, maana kuna jambo linalowapoteza vijana. Wanaamini aliyeimba ndiye aliyeumia. "Mbosso anajua, mjomba. Aslay anajua." Inawezekana. Wale vijana wawili, tangu wakiwa pamoja Yamoto Band, wana koo linalojua mahali pa kukatika, na mimi nawapenda, sina ule ugonjwa wa wazee wa kusema muziki uliisha zamani. Lakini kujua kulia kwa sauti ni ufundi, kama ufundi wa kupasua nazi. Mohamed Khamis Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyetawala taarabu ya Mombasa kwa harmoniamu na tabla, na tuni zenye harufu ya filamu za Kihindi, aliwaliza watu miaka na miaka. Mashairi mengi aliyoyaimba yalikuwa ya Ahmad Nassir, ndugu yake, malenga mkubwa. Mmoja alikaa na kalamu akapima vina, mwingine akaweka pumzi. Machozi yalikuwa yako wewe uliyekaa na redio. Hivyo ndivyo ilivyo kazi hii tangu Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, na ndiyo maana huwa nasema: usimfuate mwimbaji kama mshauri wa ndoa. Ukimsikia anaapa kwamba hataoa tena maisha, kumbuka na yeye jioni amekula wali wake akalala.

Sasa, kulia. Mimi simkatazi mtu kulia na wimbo. Ningekuwa mnafiki, nimejenga chumba na sebule kwa pesa za wanaolia. Ninachokisema nilifundishwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mteja wangu, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku za mvua. Mke wake alirudi kwao. Alikuja na kanda ya dakika 60 na karatasi yenye jina moja tu: Zuena, wa Marijani Rajabu. Nikamuuliza, na zinazofuata? Akasema, huo huo, pande zote mbili.

Nilimrekodia. Uliingia mara nne kila upande, na wa tano ukakatwa katikati na mwisho wa utepe. Akaomba nimvunjie vile vidude viwili vya mgongoni mwa kanda. Waliozaliwa juzi hawajui: kanda ilikuwa na vijiplastiki viwili nyuma, ukivivunja kwa ncha ya bisibisi, kanda hairekodiki tena, kilichomo kimebaki milele. Nikavunja, tak, tak. Akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, akaenda zake.

Haikufika miezi miwili akarudi. Kanda ile ile mkononi, na mkono wa pili kipande cha selotepu. Maana hiyo ndiyo dawa yake: ukiziba yale matundu kwa selotepu au karatasi, deki inadanganyika, kanda inarekodika upya. Alikuwa ameshayaziba mwenyewe, nadhifu kabisa, kama mtu anayejalidi daftari. Akataka Sikinde, za kucheza. Nikamuuliza, nifute zote? Akafikiri. "Uache mmoja. Ule wa mwisho wa upande wa B." Ule uliokatika katikati.

Sikumtoza bei kamili. Mwaka uliofuata alikuja kurekodi kanda ya harusi, yake mwenyewe, na orodha yake ilikuwa na miandiko mitano.

Ninachotaka kukionyesha ni kwamba kanda ilikuwa na mwisho. Dakika thelathini, deki inajizima yenyewe, kile kitufe kinaruka juu, chumba kinakuwa kimya, unasikia jirani anakuna nazi. Ukitaka kuendelea kulia ilikupasa uinuke, uende ukageuze upande. Wengi walikuwa wakifika pale wanaona afadhali wakaoge. Simu haina mwisho wa utepe. Wimbo ukiisha yenyewe inakuletea mwingine, na imeshakusoma, inajua leo unapenda kuumia, basi wa pili unauma kuliko wa kwanza na wa tatu unauma kuliko wa pili, mpaka saa tisa usiku bado umekodoa macho, na bando linakwisha. Mpwa wangu alikubali kwamba hajalala siku mbili. Kwa hiyo ushauri wangu wa kifundi kabisa: zima ile ya kujiendeleza yenyewe. Chagua nyimbo zako sita, zisizidi nusu saa. Sikiliza mchana, ikiwezekana unafanya kitu kwa mikono, unachambua mchele, unafua. Usisikilize usiku ukiwa na chupa mezani na salio kwenye simu, kwa sababu vitu hivyo vitatu vikikutana, wimbo, chupa na salio, utampigia mtu, na asubuhi utatamani ardhi ipasuke. Na ukiona mwenzio wiki imepita hali, haogi, anasema maneno ya kutotaka kuishi, hapo ondoa habari ya nyimbo kabisa, mkamate mkono, asilale peke yake, mpelekeni kwa mganga wa hospitali kama mngempeleka mwenye homa.

Kuna deni moja ambalo nalibeba na ambalo nyinyi wa sasa mnaweza kulilipa kwa urahisi kuliko mimi. Nyimbo zote zile nilizowarekodia watu, sikumlipa mwimbaji hata senti. Hakuna aliyelipa. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo leo ilikuja mwaka 1999, mimi nimeshafunga kibanda, lakini hata zamani hizo moyoni tulijua. Marijani, aliyeitwa Jabali la Muziki, mtu aliyeimbisha nchi nzima na Safari Trippers na baadaye Dar International, miaka yake ya mwisho alikuwa akiuza kanda mbele ya nyumba yake Kariakoo. Kanda, kama mimi. Alifariki Machi 1995, ana miaka 40 tu. Niliposikia habari ile redioni nilikuwa na kanda yake inazunguka kwenye deki, namrekodia mtu. Sikujua nizime au niache imalizike. Mbaraka Mwinshehe alikuwa ametangulia, ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, naye kanda zake zilikuwa zikiniuzia miaka kumi na zaidi baada ya kuzikwa. Basi ukiona mwimbaji wa leo ana mahali pa kumsikiliza kwa kulipia, na wimbo wake umekupitisha usiku mmoja mbaya, lipia. Au nenda siku ana onyesho, ukatunze.

Nimezunguka sana kabla ya kufika kwangu mwenyewe. Mpwa wangu naye aliliona hilo, akauliza, "Wewe mjomba uliwahi kutuma?"

Niliwahi, mara moja. Mwaka 1989 nilikuwa na mtu wangu Pangani, kilomita kama hamsini kutoka hapa, na barabara ya wakati ule ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Tulikuwa tumeshaanza kuzungumza mambo ya kupeleka barua kwao. Mama yake akafariki, ghafla, Jumatano. Habari ilinifikia siku ile ile kupitia kwa kondakta wa basi. Na mimi sikwenda.

Sababu nilikuwa nazo, kila mtu ana sababu. Mfukoni sikuwa na kitu, nilikuwa nimenunua amplifaya. Niliona aibu kufika msibani mikono mitupu mbele ya wajomba zake ambao walikuwa hawajanijua. Nikasema nitakwenda hitima, hitima ikapita. Nikasema arobaini. Katikati ya siku hizo, nikiwa na hatia inanitafuna, nikafanya kile nilichokijua: nikamrekodia kanda. Kanda mpya, Maxell, ghali. Nikachagua nyimbo za majonzi tupu, zilizo bora kuliko zote nilizokuwa nazo, ili ajue ninavyoumia pamoja naye. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa Pangani, nikaanza na mwana wa Pangani, Shakila Saidi, sauti iliyokuwa na kilio ndani yake hata akiimba jambo la furaha, wa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vyetu vilivyoweka gitaa la umeme na besi mahali pa fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, za Unguja. Shakila alifariki Agosti 2016, nami mpaka leo siwezi kumsikiliza bila kuinamisha uso, na si kwa sababu ya huzuni ya wimbo.

Wimbo niliouweka wa kwanza ulikuwa Kifo cha Mahaba.

Soma tena jina hilo. Nyumba ina matanga, redio imezimwa tangu Jumatano ile, wanawake wamelala chini mikekani, na kondakta analeta bahasha ya kaki kutoka kwa kijana ambaye hajaonekana kuzika. Bahasha akaipokea shangazi mtu. Shangazi kwa busara zake alisubiri siku zipite, halafu jioni moja akaiweka kanda redioni, sebuleni, mbele ya watu, apate kujua huyu mchumba ana neno gani. Neno la kwanza lililotoka ni kifo, na la pili mahaba. Kwa masikio ya pwani, hiyo ilikuwa salamu iliyokamilika: mamako amekufa, na mimi na wewe tumekufa. Shangazi akaizima hapo hapo. Bahasha ya pili iliyokuja na kondakta ilitoka Pangani kuja Tanga, ina pete ya fedha niliyompa na karatasi isiyoandikwa kitu.

Nilikasirika, unajua? Nilijiona mimi ndiye niliyetendwa. Nikajirekodia kanda yangu.

Tulikutana tena mwaka 2011 kwenye harusi, Muheza. Yeye ana watoto wanne, mimi nina wangu, tumeshakuwa watu wazima wenye miwani. Tulikaa mezani na sahani za pilau, spika zinaunguruma, wanapiga ile ile Sina Makosa, tukacheka. Ndipo nikamwambia kuhusu kanda, kwamba sikukusudia. Akasema alijua sikukusudia, alijua hata wakati ule. "Nyimbo sikuzihitaji," akasema. "Niliitazama barabara siku tatu. Ningekuona umekaa jamvini na wanaume, hata usingezungumza na mimi, ingetosha. Nauli ungekopa."

Nauli ningekopa, ni kweli. Kondakta mwenyewe alikuwa mteja wangu.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Ile kanda hakuitupa. Shangazi alipolala aliichukua, akawa anaisikiliza peke yake, kwa sauti ndogo, redio ameifunika khanga. Nyimbo hakuzipenda. Lakini upande wa A, karibu na mwisho, kuna mahali ambapo waya wa deki yangu ulikufa siku ile, nikalazimika kuweka redio mbele ya spika na kurekodi kwa maiki yake. Kwa hiyo pamoja na wimbo iliingia barabara yote ya Ngamiani: kengele ya baiskeli, mtoto analia, na mimi. Nimesahau kabisa kama nilisema kitu. Yeye anakumbuka. Nilikohoa, halafu nikamfokea mtu aliyesimama mlangoni: "Nyamaza wewe, narekodi kanda ya mtu wangu, kafiwa."

"Hapo ndipo nilipokuwa narudisha," akasema. "Narudisha kwa kalamu, maana kitufe kilikuwa kinapiga kelele."

Mpwa wangu alikuwa kimya muda mrefu. Akaniuliza kanda yenyewe iko wapi sasa. Nikamwambia iko Pangani, kwake, kwenye kopo la biskuti, na redio ya kuichezea waliiuza zamani. Niliiomba nimtengenezee nakala ya simu. Alikataa. Kijana akavuta kikombe, akakuta chai imeshapoa, akainywa hivyo hivyo, na akaniuliza kama basi la Korogwe siku za Jumapili linaondoka saa nne au saa tano.